Kinkondja: Nyoka wa lupangoni hakutumwa na jirani, amefuata panya

Maji ya Lualaba yanapopanda na ziwa Kisale linapofurika hadi mashambani, wakaaji wa Kinkondja na vijiji vya jirani hawabaki peke yao kwenye sehemu chache zilizo kavu. Kuku, mbuzi, vyura na panya hukimbilia huko huko, na nyuma yao huja nyoka. Ndiyo maana msimu wa mvua, ambao katika jimbo la Haut-Lomami huanza karibu na Oktoba na kwisha karibu na Aprili, ni pia msimu wa kusikia mtu akipiga kelele usiku na kuomba tochi.

Kinachofuata kinajulikana. Vijana wanakuja na fimbo na mapanga. Nyoka akishauawa, kuna atakayeuliza ni nani aliyemtuma. Na ikiwa mtu ameshaumwa, familia nyingi hutafuta jiwe jeusi au mganga wa kienyeji kabla ya kufikiria hospitali. Hatua hizi zote tatu huja kwa kuchelewa, na zote hutafuta jibu mahali lisipokuwapo. Kilichomwita nyoka kiko ndani ya lupango. Na kinachomuua mtu aliyeumwa, mara nyingi, ni kukosa dawa ambayo ingepaswa kuwa karibu. Mambo haya mawili yana uhusiano kuliko inavyodhaniwa.

Panya kwanza, nyoka baadaye

Nyoka hamtafuti binadamu. Anatafuta chakula, maji na mahali pa kujificha, na nyumba nyingi za kando ya ziwa humpa vyote vitatu bila wenyewe kujua.

Kinkondja inaishi kwa samaki. Samaki hukaushwa juani au kwa moshi, na matumbo na magamba yake hutupwa nyuma ya nyumba. Mahindi na mihogo mikavu huwekwa kwenye magunia ndani ya chumba cha kulala, kwa kuogopa wezi. Kuku hulala jikoni. Nyavu za zamani hurundikwa kwenye kona, na mtumbwi uliotoboka hulazwa kifudifudi karibu na mlango kwa miezi. Kwa panya, hiyo ni karamu na kitanda chake. Nyoka anafuata njia za panya kwa kunusa kwa ulimi, na akifika anakuta pia mayai, vifaranga na vyura.

Nyumba yenyewe inasaidia. Ukuta wa tope wenye nyufa, paa la nyasi, mlango unaoacha nafasi ya vidole vitatu chini: nyoka hahitaji zaidi ya hapo. Baadhi ya wavuvi wa Kisale hukaa hata juu ya visiwa vya majani vinavyoelea, ambako hakuna umbali kati ya kitanda na matete. Kwao shida ni kubwa zaidi, lakini kanuni ni ile ile: penye panya wachache, nyoka hana sababu ya kukaa.

Nyoka gani?

Nyoka wengi wanaouawa katika malupango hawana sumu ya kumdhuru mtu. Yule mdogo wa rangi ya kahawia anayeonekana usiku ukutani au karibu na magunia, ambaye wataalamu humwita nyoka wa nyumba, hula hasa panya. Kumuua ni kuwapa panya nafasi. Chatu naye hana sumu, ingawa anaweza kumeza mbuzi au mbwa na lazima aheshimiwe.

Wanaoua ni wachache, na Katanga ya zamani inawafahamu. Yupo kifutu, mnene, mfupi, mwenye kichwa kipana na mistari kama alama za V mgongoni. Huyu hakimbii mtu akija. Hulala kimya njiani au kwenye majani makavu, na ndiyo maana hukanyagwa. Sumu yake huvimbisha mguu na kuozesha nyama. Yupo fira anayetema mate, anayeingia nyumbani usiku kutafuta panya na kuku, na anayeweza kumuuma mtu aliyelala kwenye mkeka. Huyu anarusha sumu machoni kutoka umbali wa mita mbili na zaidi. Yupo koboko, mrefu na mwepesi, ambaye sumu yake hulegeza misuli na kuzuia pumzi katika muda wa saa chache. Na wapo fira wanaopenda maji na kula samaki. Wavuvi wa ziwa Tanganyika wanamjua vizuri fira wa maji, ambaye wakati mwingine hunaswa katika nyavu zao.

Wingi wa nyoka katika eneo hili si habari mpya. Mbuga ya taifa ya Upemba, iliyo kandokando ya bonde hili la maziwa, iliundwa mwaka 1939, na kati ya 1946 na 1949 mtaalamu wa nyoka na vyura kutoka Ubelgiji, Gaston-François de Witte, aliongoza msafara wa kukusanya wanyama wake. Mwaka 1953 alimwandika kwa mara ya kwanza nyoka mdogo wa vichakani mwenye sumu ambaye leo anabeba jina la Katanga. Kwa maneno mengine, sayansi imewahesabu nyoka wa Upemba kwa zaidi ya miaka 70. Watu wanaoumwa nao bado hawajahesabiwa kwa uangalifu kama huo.

Kazi ya lupango

Sokoni kuna kila aina ya kinga ya nyoka: unga wa kiberiti, kitunguu saumu, mafuta machafu ya injini, mpira wa gurudumu unaochomwa. Hakuna ushahidi thabiti kwamba vitu hivi humzuia nyoka mwenye njaa. Petroli inayomwagwa shimoni ni hatari zaidi: cheche moja karibu na paa la nyasi inaweza kuteketeza nyumba tatu kabla nyoka hajatoka.

Kinachofanya kazi hakiuzwi. Nyasi zikatwe mita kadhaa kuzunguka nyumba, ili nyoka asipite bila kuonekana. Kuni, matofali na matete vipangwe mbali na ukuta, juu ya vigingi ikiwezekana, na visichukuliwe kwa mkono kabla ya kugongwa kwa fimbo. Matumbo ya samaki yafukiwe au yapelekwe mbali siku ile ile. Nafaka iwekwe kwenye pipa lenye kifuniko au ghala lililoinuliwa juu ya miti, na kila mguu wa ghala uvishwe bati linalomzuia panya kupanda. Kuku wapewe banda lao nje. Nyufa za ukuta zijazwe tope, na chini ya mlango upigiliwe ubao au kipande cha mpira.

Usiku, hatari kubwa iko chini. Anayelala kwenye mkeka sakafuni anaweza kumgeukia nyoka bila kujua. Kitanda, hata cha miti iliyofungwa kwa kamba, hupunguza hatari hiyo, na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro huipunguza zaidi. Watafiti waliofanya kazi kusini-mashariki mwa Nepal walichapisha mwaka 2007 matokeo yanayoonyesha kwamba watu waliolala ndani ya chandarua waliumwa na nyoka kwa nadra kuliko wale wasiokuwa nacho. Chandarua kile kile kinachogawiwa bure kwa ajili ya malaria kinafanya kazi mbili. Hii ni sababu nyingine ya kukiacha kitandani badala ya kukigeuza wavu wa kuvulia vidagaa, kama ilivyozoeleka kandokando ya maziwa mengi ya Afrika, Tanganyika likiwa mojawapo.

Kwenda chooni usiku, simu yenye tochi na viatu vinavyofunika mguu vina thamani kuliko panga. Na nyoka akionekana ndani ya nyumba, kazi ya kwanza ni kuwatoa watoto, kuacha mlango wazi na kukaa mbali huku mtu mmoja akimwangalia. Watu wengi huumwa wakati wanapojaribu kumuua. Hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma kwa muda.

Swali la "nani amemtuma"

Katika sehemu nyingi za Kongo, nyoka anayeingia nyumbani, hasa akimuuma mtoto au mtu aliyepata mali hivi karibuni, huchukuliwa kuwa ametumwa. Ni imani ya zamani, na wanaoishikilia si wajinga: wanatafuta maana ya kifo cha ghafla ambacho hakuna aliyewaeleza sababu yake. Kama nyumba kumi zina panya, kwa nini nyoka aliingia katika hii?

Lakini jibu hilo lina gharama. Mara nyingi kidole huelekezwa kwa asiyeweza kujitetea: mjane, mzee anayeishi peke yake, mke mwenza, mtoto wa kambo. Katika Kivu ya Kusini mwaka 2021, wanawake kadhaa waliuawa na umati baada ya kutuhumiwa uchawi. Sheria ya Kongo iko wazi juu ya jambo hili. Sheria ya adhabu inakataza kumpima mtu kwa majaribio ya kishirikina ili kupata mwenye hatia, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kumtuhumu mtoto uchawi.

Kuna gharama ya pili isiyozungumzwa sana. Kifo kinachoitwa uchawi hakiandikwi popote kama kifo cha nyoka. Marehemu anazikwa, familia inagombana na jirani, na daftari la kituo cha afya linabaki tupu. Hapo ndipo lupango na hospitali vinapokutana.

Saa za kwanza

Sumu ya nyoka inafanya kazi kwa saa, na kila saa inayopotea kwa mganga wa kienyeji hairudi. Jiwe jeusi, ambalo huwekwa juu ya jeraha kwa imani kwamba linanyonya sumu, halijathibitishwa na uchunguzi wowote kuwa linaitoa. Linasifiwa kwa sababu nyoka wengi hawana sumu, na hata wenye sumu wakati mwingine huuma bila kuimwaga. Mtu ambaye angepona hata hivyo anapona, na jiwe linapata jina.

Mambo ya kufanya ni machache. Mgonjwa atulizwe na asitembee. Pete, bangili na nguo za kubana zitolewe kabla ya uvimbe. Mguu au mkono ulioumwa ufungwe kwenye kijiti ili usicheze. Akitapika au akiishiwa nguvu, alazwe ubavu. Saa ya kuumwa ikumbukwe. Yasiyofaa ni mengi zaidi: kuchanja kwa wembe, kunyonya jeraha, kufunga kamba ya kukaza inayozuia damu, kumwaga mafuta ya taa, kumpa pombe. Kamba ya kukaza imewapotezea watu miguu ambayo sumu yenyewe isingeichukua. Kwa sumu iliyorushwa machoni, dawa ni maji safi mengi, yamwagwe kwa muda mrefu, kisha mgonjwa apelekwe kituoni.

Halafu inabaki safari. Hapa pia Nepal ina somo. Katika vijiji vya kusini-mashariki mwa nchi hiyo, vijana wenye pikipiki walijitolea kuwabeba walioumwa na nyoka mara moja hadi kituo chenye dawa, na wakaaji wakafundishwa kutopoteza muda. Kati ya walioumwa na nyoka wenye sumu, sehemu ya waliokufa ilishuka kutoka asilimia 10.5 hadi 0.5, kwa mujibu wa uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013. Hakukuwa na mashine mpya. Kulikuwa na pikipiki, namba za simu na makubaliano.

Kinkondja ina maji, na maji yake yana boti. Kijiji cha wavuvi kinaweza kukubaliana kabla ya msimu wa mvua ni mtumbwi gani wa injini utakaoondoka usiku, nani ataendesha, na mafuta yatalipwa na sanduku gani. Wajumbe wa afya wa vijijini, wale wanaoitwa reko, tayari wanapita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya kipindupindu na malaria. Ujumbe wa nyoka unaweza kupita mlango huo huo.

Kufika, kisha kukuta nini?

Boti ya haraka haina maana ikiwa kituo hakina dawa. Na jambo moja linahitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu linawachanganya wengi: chupa ya maji inayotundikwa kwenye mshipa, ambayo watu huiita serumu, si dawa ya nyoka. Dawa inayopinga sumu ni nyingine, hutengenezwa kutokana na damu ya wanyama kama farasi waliozoezwa sumu hiyo, na ndiyo pekee inayokabiliana na sumu ndani ya mwili. Katika vituo vya afya vya vijijini vya Kongo, ni adimu.

Uadimu huu una historia. Mwaka 2014, kampuni ya Ufaransa ya Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza FAV-Afrique, dawa iliyopinga sumu ya aina 10 za nyoka wa Afrika. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walipiga kengele mwaka 2015, wakisema matibabu yalikuwa yakigharimu kati ya dola 250 na 500 kwa mgonjwa mmoja, bei ambayo mvuvi hawezi kuimudu. Chupa za mwisho ziliisha muda wake Juni 2016. Nafasi hiyo ilijazwa na dawa za ubora tofauti. Watafiti nchini Ghana waliripoti mwaka 2008 kwamba baada ya hospitali moja kubadili dawa yake na kutumia nyingine iliyotoka India, ambayo haikufaa kwa nyoka wa huko, vifo vya walioumwa vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1. Kwa hiyo kununua dawa yoyote yenye picha ya nyoka kwenye boksi hakutoshi. Lazima iwe imetengenezwa kwa nyoka wa Afrika ya Kati.

Shirika la Afya Duniani (OMS) liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 likatangaza lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Kwa makadirio yake, nyoka huua kati ya watu 81,000 na 138,000 duniani kila mwaka, na karibu mara tatu ya idadi hiyo hukatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu. Wengi wao ni wakulima, wavuvi, wachungaji na watoto wa vijijini.

Ugumu wa Kinkondja si kwamba dawa haiwezi kufika. Lualaba inapitika kwa boti kutoka Bukama hadi Kongolo, na Bukama iko kwenye reli inayotoka Lubumbashi kwenda Kamina. Chanjo za watoto, ambazo zinahitaji baridi kila siku, hupelekwa vijijini na kuhifadhiwa kwenye friji za maeneo ya afya. Zipo hata dawa za nyoka za unga mkavu ambazo hazidai friji. Kizuizi kikubwa ni duara. Aliyeumwa haendi kituoni kwa sababu anajua hakuna dawa. Kwa kuwa haendi, haandikwi. Kwa kuwa haandikwi, ripoti inayopanda kwa mganga mkuu wa eneo la afya na kufika Kamina inaonyesha nyoka si tatizo. Kwa kuwa si tatizo, hakuna anayeagiza. Na anayekufa nyumbani anahesabiwa kwa wachawi.

Duara hilo linaweza kukatwa kwa kalamu. Kila aliyeumwa, awe amepona, amelemaa au amefariki, aliyetibiwa kituoni au kwa mganga wa kienyeji, aandikwe: kijiji, umri, saa, sehemu ya mwili, muda wa safari, mwisho wake. Reko na machifu wa vijiji wanaweza kuikusanya orodha hiyo. Waganga wa kienyeji nao wakialikwa badala ya kutishwa watatoa hesabu yao, kwa sababu wao ndio wanaowaona wagonjwa wengi zaidi. Baada ya msimu mmoja wa mvua, Kinkondja itakuwa na karatasi ambayo wizara ya jimbo na wabunge waliochaguliwa Bukama hawataweza kuijibu kwa kusema hawakujua. Dozi chache katika hospitali kuu, wauguzi waliofunzwa kuzitumia na bei ambayo familia inaweza kuimudu, hayo ni madai yanayopimika.

Kusafisha lupango ni wajibu wa mwenye nyumba, na hakuna serikali itakayokuja kufukia matumbo ya samaki kwa niaba yake. Lakini hata lupango safi kuliko yote haliwezi kumlinda mvuvi anayekanyaga kifutu alfajiri akienda kwenye mtumbwi. Kwa huyo, jimbo ndilo linalodaiwa. Na mjane wa nyumba ya pili hadaiwi chochote.